Kona ya vitabu darasani: tuache vitabu vichakae mikononi mwa watoto

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mi ni mwalimu wa darasa la pili huku Simiyu, shule ya serikali, na kuna jambo linaniuma nataka tuliongee hapa kwa kina hasa walimu na wazazi. Nikipita shule nyingi nakuta vitabu vipo na watoto wapo ila havikutani. Ukiuliza unaambiwa viko ofisini kabatini, kufuli limening'inia, funguo kaondoka nazo mwalimu wa taaluma yuko kwenye semina mjini. Siku ukilikuta kabati wazi unaona vitabu vizuri kabisa, mhuri umepigwa, namba zimeandikwa, kurasa bado zimegandana hazijawahi kufunuliwa hata mara moja. Na hapo darasa la pili la shule hiyohiyo kuna mtoto ambaye kitabu pekee alichowahi kukishika ni kile cha kiada wanachoshea watano.

Ninachosema mimi ni hiki: mtoto hapendi kusoma kwa kuhimizwa, anapenda kwa kukaa navyo karibu, avishike, achague mwenyewe, avirudishe akachukue kingine, na ndiyo, avichafue na vingine vichanike. Kitabu cha hadithi kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kile kilichozeeka kikiwa kipya ndo hasara.

Nieleze kwanza kwa nini nalipigania. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) uanze 2015 tumejitahidi sana kwenye sauti na silabi, na Kiswahili kina bahati kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishajua ba be bi bo bu na wenzake anaweza kukusomea hata gazeti. Shida ni kwamba anaweza kulisoma lote asijue limesema nini. Huku kwetu watoto wengi nyumbani wanaongea Kisukuma, Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Unampa sentensi "mbwa alimfukuza paka mpaka juu ya mti" anaisoma safi bila kukwama, ukimuuliza nani yuko juu ya mti anakuangalia tu. Huyo hajakosa silabi, amekosa maneno na amekosa mazoea ya kufuata kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hivyo viwili huvipati kwenye kitabu cha kiada kinachomletea vipande vya mistari minne. Vinatoka kwenye hadithi, nyingi, tena za kurudiarudia.

Sasa maktaba ya shule hatuna. Baada ya elimu bila ada kuanza 2016 watoto waliongezeka sana na kila chumba kilichokuwa wazi kikawa darasa, ikiwemo vile vilivyokuwa vimetengwa kwa vitabu. Hivyo nikaona maktaba iwe humohumo darasani, kwenye kona.

Nilivyofanya: nilichagua kona iliyo mbali na madirisha maana ya kwetu hayana vioo na mvua ya upepo inaingia mpaka katikati. Nikagonga misumari, nikapitisha kamba ya nailoni mistari mitatu, vitabu vinaning'inizwa kwa vibanio vya nguo, jalada linatazama mbele. Hili la jalada msilipuuze jamani, mtoto wa miaka saba hachagui kwa mgongo wa kitabu, anachagua picha. Kamba ya juu kabisa isizidi pale anapofika mtoto mfupi kuliko wote darasani, akihitaji kumuomba mwalimu amshushie basi ushampoteza. Chini nimetandika mkeka na mifuko ya salfeti iliyoshonwa pamoja, wanavua viatu wanakaa. Vitabu vinavyozidi kamba viko kwenye maboksi ya mafuta ya kula, nimeyakata upande mmoja na kuyabandikia karatasi.

Vitabu nilivipataje, hapo ndo penye maneno. Vya kununua ni vichache, nikienda Mwanza nachukua viwili vitatu vya wachapishaji wetu, Mkuki na Nyota wana vya watoto na E&D Vision pia wanavyo, na mkikutana na vile vya zamani vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto (ule ulioanza 1991) msiviache, michoro yake ni ya mazingira yetu kabisa. Ila nguzo yangu ni African Storybook. Ule ni mradi wa Afrika Kusini ulioanza 2014, hadithi ni za bure na leseni yake ni huria, yaani unaruhusiwa kupakua, kuchapa, kugawa, hata kubadilisha maneno. Za Kiswahili ziko nyingi na zimepangwa kwa ngazi. Wahindi nao wana StoryWeaver ya Pratham Books, mfumo ni huohuo, na Kiswahili kimo.

Ukipakua chapa kwa mtindo wa kijitabu, usichape ukurasa mmoja mmoja. Hadithi ya kurasa 12 ikipangwa vizuri inaingia kwenye karatasi 3 tu za A4, mbele na nyuma, unakunja katikati kinakuwa kitabu. Stepla ya kawaida haifiki katikati kwa hiyo nashona kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni, matundu matatu, fundo linabaki ndani. Jalada ni manila. Picha zinatoka nyeusi na nyeupe, nawaachia watoto wanaomaliza kazi mapema wazipake rangi, na nawaambia mtoto aliyepaka rangi kitabu hawezi kukichana.

Halafu kuna vitabu vyetu wenyewe, na hivi nawaambia ndo vinavyoongoza kuazimwa. Namwalika bibi au babu kutoka kijijini anatoa hadithi, watoto wanaitikia, mimi naandika harakaharaka, kesho yake tunaipunguza pamoja ubaoni mpaka inabaki sentensi fupi kumi hivi, wanagawana makundi wachore kila sentensi, tunashona. Mwishoni tunaandika jina la msimuliaji na majina ya wachoraji. Bibi mmoja hajui kusoma kabisa lakini alikuja siku nyingine akaomba aonyeshwe jina lake lilipo, mjukuu wake akalisoma kwa sauti mbele ya darasa zima. Toka siku hiyo sijawahi kukosa msimuliaji.

Ratiba: baada ya uji, dakika ishirini, kila siku, hazichukuliwi na mtu. Siku tatu nawasomea mimi kwa sauti, siku mbili wanasoma wawili wawili, mmoja anasoma mwenzake anafuata kwa kidole. Ijumaa wanaazima kwenda navyo nyumbani. Daftari la kuazima wanaandika wenyewe, jina la mtoto na jina la kitabu, basi.

Karibuni tujadili, na kama kuna mwenye njia bora kuliko hizi alete.


Mzee wa Leja

Mwalimu hongera kwa moyo, ila mi naongea kama mtu niliyewahi kushika stoo ya shule. Unajua nani anaulizwa kitabu kikipotea? Wathibiti ubora wakija wanataka leja, wanahesabu, pakipungua kumi ni maelezo ya maandishi. Darasani kwangu wako 110, ukifungua kabati saa nne saa sita hujui kipi kiko wapi. Na huko nyumbani kitabu kinafungiwa karanga sokoni, hili nimeliona kwa macho yangu. Walimu hawafungi kabati kwa roho mbaya, wanalinda kazi yao.


Chaki Nyeupe

Mkuu nakuelewa kabisa na nashukuru umelisema wazi, maana hapo ndo kwenye kiini chenyewe. Mwalimu anapimwa kwa idadi ya vitabu vilivyomo kabatini, hapimwi kwa idadi ya watoto waliovisoma. Mtu yeyote ukimpima hivyo atafunga kabati, hata mimi.

Sisi tulifanya hivi. Vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vikabaki kwenye leja yake kama ilivyo, hivyo siwezi kuvichezea. Vya hadithi mwalimu mkuu alivipokea kwenye leja, akavitoa kwa darasa kwa maandishi, nikasaini. Tukaliweka hili kwenye kikao cha kamati ya shule na likaingia kwenye muhtasari kwamba vitabu vya hadithi vya darasani vitachakaa kwa matumizi, na kila mwisho wa mwaka mwalimu ataleta orodha ya vilivyochakaa na vilivyopotea, kamati itavifuta. Akija mthibiti ubora anaonyeshwa muhtasari na anaonyeshwa daftari la kuazima limejaa. Aliyekuja kwetu alikaa mkekani akamsikiliza mtoto anasoma, hakuuliza habari ya idadi.

Vile vijitabu vya kushona sijaviingiza popote, nimevichukulia kama chaki. Kikiisha natengeneza kingine.

Kuhusu karanga, inatokea sikatai. Ila sijawahi kumtoza mtoto wala mzazi. Ukitoza mara moja tu kijiji kizima kinakataa watoto wasirudi na vitabu, mama anamwambia mwanae "usiniletee deni hapa", na hapo umeua kitu chote kwa ajili ya kitabu cha karatasi tatu. Mtoto aliyepoteza namwambia atusaidie kushona kingine. Na 110 wasisimame wote kwa pamoja mkuu, wanakwenda konani kwa safu, kila safu na siku yake, waliobaki wanasomewa au wanasoma vya kushea madawatini. Viranja wa vitabu wanne wanahesabu vibanio mwisho wa kipindi. Kibanio kitupu ni kitabu kimoja hakijarudi, hesabu inaisha ndani ya dakika moja.


Mama wa Pwani

Walimu wenzangu salamu kutoka Kwale. Huku Kenya tulipata nafuu kwa Tusome, programu ya kufundisha kusoma, ilipoingia shule za umma 2015, kila mtoto wa darasa la kwanza na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na waliwaachia kwenda navyo nyumbani. Mwanzo tulikuwa na hofu hiyohiyo ya Mzee wa Leja, lakini vitabu kwa wingi vilikuwa vinarudi, vimechoka kidogo ila vinarudi. Sasa shida ikawa nyingine, mtoto anacho kimoja hichohicho mwaka mzima, amekihifadhi chote kichwani, anakufungulia ukurasa anatazama kando huku "anasoma". Kwa hivyo naungana na mwalimu, wingi wa hadithi ndio muhimu, si kuwa na kitabu tu.

Na jambo la kuwafuata watoto waliko si geni kwetu, shirika la maktaba za taifa lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kule Garissa tangu 1996, sanduku mbili mgongoni mwa ngamia, jamvi, hema, watoto wa wafugaji wanakuja wanachagua. Ikiwa vitabu vinaweza kuwafuata watoto jangwani, kweli vishindwe kutoka ofisini kuingia darasani?

Ninaloomba mwalimu atueleze ni upande wa wasichana. Kwangu wavulana hukimbilia kona, wasichana hutumwa kufagia wakati huohuo.


Chaki Nyeupe

Dada wa Kwale asante sana, hilo la kukariri kitabu kimoja umelieleza vizuri kuliko mimi. Kuhusu wasichana, kwetu zamu ya usafi tuliihamishia asubuhi na ni ya wote, na dakika ishirini zile hakuna mtoto anayetumwa popote, si maji, si ofisini, si kwa mwalimu mwingine. Niliwaomba walimu wenzangu kwenye kikao wakakubali. Upande wa wavulana shida yangu ni siku za mnada na msimu wa kuvuna pamba, hawaji kabisa, wako na ng'ombe au shambani. Ndo maana nikaruhusu kuazima, wengine wanakwenda na kijitabu machungani. Kinarudi na tope, nakifuta, kinarudi kwenye kamba.


Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu umenigusa. Niko Oman, asili yetu Unguja, huku Muscat shule za kimataifa kila mwaka zinatoa vitabu vya watoto bure kabisa, vizuri, vya rangi, jalada gumu. Tuko jamaa kadhaa tunaweza kujaza katoni nyingi tukazisafirisha kwa meli mpaka Dar. Mwalimu niambie tu nizielekeze wapi, mia tano mia sita hazinishindi.


Chaki Nyeupe

Waalaykum salaam ndugu yangu, Mungu akulipe kwa nia hiyo, na naomba unipokee vizuri kwa ninachotaka kusema kwa sababu nakisema kwa heshima. Naomba usitume katoni.

Vitabu hivyo ni vya Kiingereza, na watoto wangu wa darasa la pili bado wanapambana na Kiswahili. Na hata picha zenyewe, theluji, mtoto ana chumba chake peke yake, anaamka anakula vitu ambavyo mtoto wangu hajawahi kuviona. Siyo kwamba asione ya wengine, aone sana tu, lakini vikiwa vyote ni hivyo anajifunza kwamba vitabu ni mambo ya watu wengine. Nimeona shule moja ina stoo imejaa misaada ya namna hiyo, kuna vitabu vya sheria, kuna vya kupika keki, kuna ensaiklopidia ambazo nchi zilizomo zingine hazipo tena, na walimu hawawezi kuvitupa kwa sababu ni msaada na viko kwenye leja. Na gharama ya meli, bandari na kuvifikisha Simiyu ukiijumlisha inanunua vitabu vingi vya Kiswahili hapahapa.

Kama mkiwa tayari, fedha hizohizo ziende kwa mchapishaji wa Dar moja kwa moja, mnachagua orodha pamoja na mimi, yeye anatuma kwa basi mpaka Bariadi na risiti mnaipata ninyi. Hapo mtoto anapata kitabu na mwandishi wetu naye anapata sababu ya kuandika kingine. Soko la vitabu vya watoto kwetu ni dogo, oda ya vitabu mia kwa mchapishaji mdogo ni kitu kikubwa. Na kingine msichokidharau, ninyi mna wazee huko wanaojua ngano za Unguja na Pemba, warekodini kwa simu mnitumie. Watoto wa Usukumani wakisikia hadithi ya baharini ambayo hawajawahi kuiona, wakaichora wanavyoifikiria wenyewe, hicho ni kitabu ambacho hakuna duka linalokiuza.


Mswahili wa Muscat

Umenipa darasa mwalimu na sijakasirika hata kidogo. La katoni nimeliacha. Bibi yangu ana miaka themanini na zaidi na ngano zake hazihesabiki, wikiendi hii nakaa naye. Orodha nitumie.


Mkutubi Mstaafu

Nimefuata uzi tangu juu, naongeza kidogo kwa upande wa kazi yangu. Nilianza ukutubi kipindi ambacho nchi ilikuwa na hamasa, Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar aliifungua Mwalimu Nyerere mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, na fikra ilikuwa vitabu vishuke mpaka mikoani. Maktaba za mikoa bado zipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, walimu wengi hawajui kwamba wanaweza kwenda pale kuomba ushauri wa kupanga na kutunza vitabu. Nendeni.

La pili, msipange kona ya darasa kwa namba za kikutubi, mtoto hazihitaji. Pangeni kwa rangi. Shirika la Room to Read wanafanya hivyo kwenye maktaba zao za shule za msingi, kila ngazi ya ugumu ina rangi yake, stika moja kwenye jalada. Ila mtoto asifungiwe kwenye rangi yake. Akitaka cha juu achukue aangalie picha, akitaka cha chini alichokwisha kukisoma arudie tena na tena, kurudia si uvivu.

La tatu, selotepu acheni. Inageuka njano, inakauka, ikitoka inaondoka na karatasi. Ukurasa ukichanika tumia karatasi nyepesi na gundi nyeupe kidogo, bandika, weka chini ya kitu kizito usiku kucha. Na kitabu kilicholegea mgongo kishone, kama mwalimu alivyosema.


Mgeni wa Uzi

Samahani naingia na swali la chini kabisa. Nimepangiwa shule mpya mwezi huu, madarasa mawili, sakafu ni udongo, mchwa wanakula mpaka fremu za milango. Pesa sina, printa hakuna. Naanzaje?


Mzee wa Leja

Mchwa niachie mimi, huko ndo nilikozeekea. Usiweke boksi sakafuni wala usiliegemeze ukutani. Tafuta meza au benchi, kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, fundi pikipiki atakupa bure. Meza isiguse ukuta popote. Makopo uyafunike juu na kipande cha bati watoto wasiyachezee, na uyakague kila wiki maana vumbi likijaa mchwa wanapita juu yake. Kamba za mwalimu ni nzuri ila misumari iwe ya chuma na ukuta uukague nyuma ya vitabu, wanajenga njia usiku mmoja tu. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya maboksi yanasaidia kwa wadudu wadogo.

Na Chaki Nyeupe, ule muhtasari wa kamati naomba unitumie PM nione mlivyouandika. Kuna mwalimu mkuu hapa kwetu nataka kumpelekea.


Chaki Nyeupe

Mzee wangu nimeshautuma, nimefuta majina tu.

Mgeni, karibu sana kwenye kazi. Anza na kusoma kwa sauti, hiyo haihitaji printa. Azima kitabu kimoja tu kizuri popote, wasomee kila siku kwa muda uleule, waishie pale panaponoga ili kesho wakukimbilie mlangoni. Wiki ya pili mtafute msimuliaji kijijini. Karatasi omba ofisini zile zilizochapwa upande mmoja, upande wa pili uko wazi, kunja, shona. Pesa usiwadai wazazi, michango ina taratibu zake na ukianza nayo utaingia kwenye mgogoro kabla hujajulikana. Waombe vitu kupitia kamati, mkeka, kipande cha mbao, vibanio, siku moja ya fundi. Kapitesheni (ruzuku ya serikali) ya shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 zinabaki juu serikalini kwa vitabu na 6,000 ndo za shule, kwa hiyo kwa shule yenye watoto wachache kama yako usiitegemee, lakini mwombe mwalimu mkuu rimu moja ya karatasi kwa muhula, hiyo anaiweza. Rimu ni karatasi 500, kwa vijitabu vya karatasi tatu tatu ni zaidi ya 160.

Faili za hadithi nilizozipanga tayari kwa kukunja ninazo kwenye flashi. Zichapie kwenye steshenari yoyote siku ukienda mjini kuchukua mshahara. Nitumie barua pepe PM, na uniambie watoto wako wanaongea lugha gani nyumbani ili nikuchagulie za kuanzia.